Mbwa Wetu Barazani

Mwaka ule nilikuwa bado bibi harusi huko Muleba. Mume wangu aliuza vitambaa katika duka la Mhindi mjini Bukoba, akirudi nyumbani Jumapili mojamoja. Tulibaki mimi, mamamkwe, na mbwa jike aliyekuwa amezaa siku chache tu. Mamamkwe hakumpenda. Akimkuta mlangoni alimfukuza kwa fagio.

Asubuhi moja jirani yetu alikwenda kwa mkuu wa gombolola, yaani tarafa yetu, mkono umefungwa kitambaa, akasema mbwa wetu amemkimbiza barabarani na kumuuma. Alitaka auawe. Wakati ule kutaja kichaa cha mbwa kulitosha kutisha kijiji kizima. Tarishi akaja kuniambia nifike barazani kesho yake.

Nilisimama mbele ya wazee wa baraza, wote wanaume, nikasema mbwa wangu hajawahi kuuma mtu.

"Kila mwenye mbwa husema hivyo," mkuu alinijibu, bila ukali.

Ndipo mamamkwe akainuka kule nyuma kwa wasikilizaji.

"Mimi mbwa huyu simpendi," alisema. "Lakini barabarani hakwenda. Nilikuwa kibanjani, kwenye migomba yetu, natandaza majani. Nilimwona jirani akiinama chini ya mti wa kahawa, akaokota mtoto wa mbwa. Mama yake akamrukia. Nilinyamaza kwa sababu tunachota maji kisima kimoja. Sasa amesema uongo mbele ya watu."

Mkuu akamwamuru jirani afungue kitambaa. Meno yalikuwa yameingia kiganjani.

"Mbwa anayekukimbiza kwa nyuma huuma kiganja?" mkuu aliuliza.

Jirani akakiri kuwa alimwokota mtoto wa mbwa. Binti yake, alisema, alikuwa akimlilia ampatie mbwa, naye aliona haya kumwomba mwanamke aliyeolewa juzi.

Mkuu akaamua mbwa afungwe kamba wiki mbili. Asipoonyesha kichaa, aachwe.

Nilimfunga nyuma ya jiko. Kila alfajiri nilikwenda kutazama kama maji yamepungua kwenye kipande cha kibuyu alichonywea, maana mbwa mwenye kichaa hawezi kunywa. Yalikuwa yamepungua. Siku zilipotimia tarishi alikuja, akamtazama akinyonyesha watoto wake, akasema, "Basi, mfungue."

Nilikaa chini palepale, nikajikuta nacheka huku machozi yananitoka. Mamamkwe akaniita, ndizi zimeiva. Nilikula siku ile kama mtu aliyetoka kuugua.