Pai ya Lavonne na Kijana Mrefu

Lavonne Stuckwish ana mgahawa mdogo hapa Brannock, ng'ambo ya ukumbi wa mpira wa kikapu wa chuo, na ana tabia moja ambayo haikuwahi kumletea shida mpaka majira ya baridi yaliyopita. Ukiingia kwake mara ya kwanza, anakuwekea kipande cha pai ya krimu, bure. Hakuulizi jina wala kama umeshiba. Mimi alinipa siku niliyokuja kuziba paa lake, na ile kazi niliiacha zamani lakini pale bado nakula.

Tabia yake nyingine ni timu. Mumewe tulimzika Ijumaa, Jumamosi Lavonne yuko ukumbini amevaa koti la marehemu, anamzomea refa. Kila mwaka anachangia mfuko wa timu, na jina lake limepigiliwa nyuma ya kiti chake kwenye kibati.

Sasa asubuhi pale kwake hakuna habari nyingine ila usajili. Miaka hii hatupati wachezaji. Tunayemtaka anakuja, anatembezwa, anapigwa picha na jezi yetu, halafu tunasikia kasaini kwingine.

"Kocha analala," Merle alisema siku moja. Merle anafuga nguruwe, na hajawahi kuwa na haraka ya kumaliza sentensi. "Mimi nikitaka dume zuri la mbegu naendesha gari mpaka Iowa. Yeye anakaa ofisini anasubiri simu."

"Watoto wa watu siyo nguruwe, shemeji." Huyo ni Garnet, mjane wa kaka yake Merle, aliyeendesha basi la shule mpaka akastaafu. "Shida ni hela. Sisi tunalea vifaranga, vyuo vikubwa vinakula kuku. Yule mchezaji wa Evansville si tulimfundisha sisi kutoa pasi? Yuko wapi?"

"Yuko benchi huko alikokwenda."

"Bora benchi lenye hela."

"Shida ni urefu," Lavonne akaingilia, anamimina kahawa. "Tuna watoto wanakimbia kama sungura, chini ya kikapu hatuna mtu. Tupate mrefu mmoja. Mimi mmoja tu ananitosha."

Na huyo mmoja alikuwepo. Anaitwa Tobin Ekdahl, wa Minnesota, alikuwa ameumia goti na vyuo vikubwa vikamsahau. Kocha alimwalika Jumamosi aje atuone. Mji mzima ulijua. Na sheria kila mtu anaijua kama sala: ukiwa mchangiaji wa timu, usimpe kijana anayesajiliwa kitu chochote cha bure, hata soda, yeye wala mzazi wake. Ikigundulika, kijana anaweza kuzuiwa kucheza. Aliyekuwa anatukumbusha sisi wote ni Lavonne mwenyewe.

"Merle, akipita hapa usimpe hata pipi."

"Nimpe pipi ya nini? Nitampa bega la nguruwe."

"Ndiyo maana nakwambia mapema."

Theluji ikaharibu mpango. Redio ilitangaza dhoruba, kwa hiyo Tobin na mama yake wakaondoka kwao mapema na kufika Ijumaa. Hawakumwambia mtu. Waliingia kwa Lavonne, wakajibana kwenye meza ya kona, theluji mabegani. Lavonne hakuona mchezaji. Aliona mama aliyechoka na kijana mwenye njaa, wote wageni. Akawawekea supu, akawawekea pai mbili. Mama hapendi vitu vitamu, akamsogezea mwanawe ya kwake. Kijana akamaliza zote.

Wakalipia supu. Kijana akasimama kuchukua koti. Akasimama, akaendelea kusimama. Kichwa kikagonga taa.

Kijiko cha Garnet kikabaki hewani.

"Mwanangu," Lavonne akauliza polepole, "unaitwa nani?"

"Tobin, mama. Asante sana kwa pai."

Mlango ukafungwa. Taa ilikuwa bado inabembea. Lavonne akakaa kwenye kiti cha wateja, na mimi sikuwahi kumwona amekaa mchana.

"Ni pai tu," Merle akasema. "Nani kaona? Sisi hatujaona."

"Mimi nimeona," Garnet akasema. "Na ikijulikana mwakani, tutanyang'anywa hata ushindi wetu. Useme sasa au unyamaze mpaka kaburini, hamna katikati."

"Nyamaza, Lavonne. Miaka yote hii hatujapata mrefu, leo tumfukuze kwa krimu?" Merle akasema.

Lavonne alikuwa anaangalia zile sahani mbili za kona. Nilidhani atalia. Badala yake akafuta mikono kwenye aproni, akapiga simu chuoni, akasema jina lake lote na alichofanya.

Bwana Pruitt, yule anayeshughulikia sheria za michezo, akaja na kalamu yake. Mtu mpole, anaongea kama yuko kwa mgonjwa.

"Vipande viwili. Vya ukubwa gani, Lavonne?"

"Ukubwa wa kawaida yangu."

"Kawaida yake ni robo ya pai nzima," Merle akasema.

"Nyamaza, Merle," wakasema wote, hata Bwana Pruitt.

Aliandika, akasema suala linapelekwa juu kwa wakubwa wa michezo, tusubiri. Tukasubiri. Lavonne akaacha kupika pai. Kile kioo cha kufunikia pai kikakaa kitupu kwenye kaunta, wageni wakawa wanaingia na kutoka wamekunywa kahawa tu. Mechi ya Jumamosi hakwenda. Ubishi nao ukafa. Merle alijaribu kumtukana kocha, sisi tukaendelea na kahawa, akaacha.

Halafu asubuhi moja Bwana Pruitt akaingia anatabasamu, na kabla hajavua kofia Lavonne akamshika mkono. "Niambie nikiwa nimesimama."

"Wamesema kijana atoe bei ya pai kwa wenye shida, basi. Ameshatoa, kaweka kwenye sanduku la chakula cha maskini, kanisani kwao. Ni msafi. Na jana jioni amesaini kwetu."

Lavonne akapumua pumzi ya wiki nzima. Akaingia jikoni, tukasikia unga unachekechwa. Merle akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Tobin alirudi majira ya machipuko, ameinama mlangoni safari hii. Garnet hakungoja akae.

"Sema kweli, ni pai iliyokuleta?"

"Hapana, mama. Hakuna chuo kingine kilichopiga simu."

Merle alicheka mpaka akakohoa. Lavonne akaleta kipande, robo kamili, akakiweka mbele ya kijana pamoja na bili.

"Leo unalipa."

"Nalipa, mama."

Akawa anakula, sisi tunamwangalia. Mwishowe Merle akaninong'oneza, kwa sauti ambayo hata jikoni ilisikika: "Mwembamba sana huyu. Kocha hakuangalia?"

"Ndiyo maana anakula," Lavonne akasema, na akageuka kuchukua birika.