Mama Mdogo Hakuwa Mzito

Mwezi uliopita kazini walitupeleka semina Mikumi. Tulikaa kutwa nzima kwenye ukumbi wa hoteli, na mkufunzi, kijana mchangamfu asiyeachia kipaza sauti, akawa anatugawa kwa tabia zetu: wakali, wachangamfu, wachunguzi, watulivu. Alipofika kwa watulivu akatabasamu kidogo. Hawa ni watu wazuri, alisema, ila ni wazito, mabadiliko hawayataki, kwa hiyo ukiwa kiongozi inabidi uwasukume. Watu wakaandika. Mimi niliweka kalamu chini, nikanyoosha mkono.

"Nimelelewa na mtu wa namna hiyo," nilimwambia, "na sikuwahi kuona mtu akimsukuma akafanikiwa."

Ukumbi ukacheka, naye akacheka, tukaenda kunywa chai. Lakini neno lile lilinikaa rohoni. Kesho yake wenzangu waliporudi Morogoro, mimi nilipanda basi la Kilosa, nikashuka Masanze.

Huko ndiko nilikokulia, kwa mdogo wake mama. Mama aliolewa tena Kidodi, mimi nikabaki na mama mdogo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ikimkuta njiani. Ukimuuliza jambo, aliendelea kwanza na alichokuwa akikifanya, akapepeta unga wake, akapuliza moto, halafu ndipo anakujibu, na wakati huo wewe umeshakata tamaa. Watoto wa jirani walimwita Mama Polepole. Mjomba, kaka yao mkubwa, alimwita mzito, na alilisema neno hilo mbele yake kama vile hayupo.

Kuishi naye kulitaka kujifunza, na mimi nilijifunza mapema kwa sababu ya njaa. Ukimharakisha, chakula kilichelewa zaidi. Ukimwambia jioni kwamba kesho unataka kwenda kucheza baada ya palizi, asubuhi alikuwa ameshakupangia mstari mfupi. Ukimshtukiza asubuhi hiyohiyo, hakuna kucheza. Na jambo kubwa kuliko yote, ambalo mjomba hakulijua mpaka akaota mvi: akikaa kimya, usidhani amekubali. Alikuwa bado anafikiri. Akisema ndiyo, ilikuwa ndiyo, na hapana yake ilikuwa hivyohivyo.

Kwetu ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo shamba lilikuwa lake, ingawa sauti ya juu ilikuwa ya mjomba. Masika moja, mahindi yakiwa yameanza kutoa nywele, tulikuwa shambani tukichuma majani ya maboga kwa ajili ya mboga. Harufu ya udongo uliolowa ilikuwa imejaa kila mahali, na nyani walikuwa wakibweka ng'ambo ya korongo. Kisha tukasikia mabua yakivunjika. Ng'ombe walikuwa wameingia shambani, kundi zima, na nyuma yao kijana wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa, fimbo mkononi, amechanganyikiwa, akijaribu kuwarudisha huku akizidi kuwatawanya.

Nilipiga kelele. Mama mdogo alinishika bega.

"Nyamaza. Ukiwashtua watamaliza lote."

Akaweka kapu chini, akawazunguka ng'ombe wale taratibu, akipiga mluzi mdogo kama anaita mbuzi. Akamwonyesha kijana kwa mkono pa kusimama. Yeye na kijana wakawatoa ng'ombe, mmoja akiwazuia huku, mwingine kule. Nilipotazama nyuma, robo ya shamba ilikuwa imelala chini. Sehemu ya chakula chetu cha mwaka ilikuwa imekanyagwa, na machozi yakanitoka.

Lakini kelele yangu ilikuwa imefika mbali. Mjomba alikuja mbio na vijana wa kijijini, wameshika mapanga na marungu. Mwaka ule watu walikuwa wamejaa hasira. Ng'ombe walikuwa wameshaingia kwenye mashamba mengi, na upande wa wafugaji nako kulikuwa na ng'ombe waliokatwa miguu. Kila mmoja pale alikuwa na lake la kulipiza. Kijana wa watu akarudi nyuma. Mama mdogo akamshika mkono, akasimama mbele yake.

"Toka hapo," mjomba alisema.

"Sitoki, kaka."

"Unamtetea aliyekulisha njaa?"

Hakujibu. Mjomba, kama kawaida yake, akadhani ukimya ule ni kukubali, akapiga hatua kumpita. Akakuta mama mdogo naye amesogea, yuko mbele yake tena.

"Shamba ni langu na hasara ni yangu," alisema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kuniagiza chumvi. "Huyu ni mgeni wangu. Anakwenda kula kwangu. Anayetaka kumpiga, anipige mimi kwanza."

Akaondoka naye kwa mwendo wake uleule, katikati ya watu wenye mapanga, nami nyuma nikiburuta kapu la mboga. Alimketisha jikoni, akasonga ugali, akampa na mlenda, akamwambia ale. Wanaume walijaa uani wakinung'unika, lakini hakuna aliyethubutu kumtoa mtu aliyekaa mbele ya chakula ndani ya jiko la mwanamke.

Jioni baba wa kijana alikuja, mzee mwenye kofia na koti refu. Mjomba alikataa salamu yake. Mama mdogo alipiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee aliomba radhi, kwa maneno mazuri na marefu. Mama mdogo alisikiliza, kimya, akipepeta mchele. Mzee alipoona hasemi kitu, akashukuru, akashika fimbo yake ainuke.

"Kaa, baba," alisema. "Hatujamaliza."

Mjomba alitaka ng'ombe. Mama mdogo alitaka kulimiwa. Walete maksai na plau, alisema, walime pale palipolala, na mbegu ya kunde watoe wao, na kijana wao apande pamoja naye mpaka mwisho. Na njia ya kupitishia ng'ombe waitengeneze upya, mbali na shamba, kabla jua halijazama kesho. Mzee alijaribu kupunguza. Alibembeleza, akapandisha sauti, mjomba naye akapandisha ya kwake. Mama mdogo aliendelea na mchele wake, na kila walipotulia aliyarudia yaleyale, bila kuongeza wala kupunguza. Kunde zilipandwa. Tulizila mpaka nikazichukia, lakini hatukulala njaa.

Usidhani alishukuriwa. Mjomba alimnunia msimu mzima, na kisimani wanawake walimwita mwoga. Aliendelea kuchota maji yake.

Tulimzika miaka michache iliyopita. Nilipofika safari hii, jiko lake la udongo lilikuwa limeshaangushwa na mvua, na shamba amekodishwa mtu anayelima ufuta kwa trekta. Sikusikia sauti ya kinu hata kwenye nyumba moja. Wapwa zangu wananiambia siku hizi ng'ombe wakiingia shambani watu hupigiana simu, na pikipiki zinajaa vijana kabla hata mtu hajauliza ni ng'ombe wa nani. Nilipowasimulia habari za mama mdogo, mmoja akasema watu kama yeye walikuwapo kwa sababu zamani hakukuwa na haraka.

Nilimkatalia, na wewe nakukatalia kama unawaza hivyo. Siku ile haraka ilikuwapo. Ilikuja mbio, imeshika mapanga, na kila mtu aliipisha njia isipokuwa yeye.