Jembe la Kufungua Kinywa

Niliiombea Ubelgiji kabla sijajua iko upande gani wa dunia. Ilikuwa Jumapili, nimeolewa miezi minne tu, nimekaa upande wa wanawake kanisani, kichwa chini kama inavyompasa bibi arusi. Padri alisimama mbele yetu na uso wa mtu aliyefiwa. Alisema: "Inchi moja kubwa imeingia kwa jirani yake mudogo, bila hodi, na bunduki. Huyu mudogo njo mama yetu. Tupige magoti." Tukapiga magoti. Niliona uchungu wa kweli, sitaki kudanganya. Kwetu mtu akisogeza ua wa jirani hatua mbili tu, ukoo mzima unakaa kumhukumu, na hapa tuliambiwa habari za watu waliosogeza ua mpaka wakammeza jirani mwenyewe. Mama mmoja nyuma yangu alilia kwa sauti. Wiki ile wanawake tulipeleka mayai misioni, kwa ajili ya watoto wa Wabelgiji waliokimbia.

Mimi ni mtoto wa msituni, wa upande wa Pinga. Nilipandishwa kuolewa kwenye mlima mmoja juu ya Lushebere, kwa watu wa maharagwe na muhogo. Baridi yao ilinikata, ukungu wao ulinichosha, lakini kilichonishinda zaidi ni desturi ya nyumba ile kuhusu baba mkwe. Bibi arusi hasemi naye, hamtazami usoni, hapiti mbele yake, mpaka siku mzee atakapomkabidhi jembe jipya na kuchinja mbuzi mbele ya ukoo, mume mwenyewe akiwa ameshika kamba ya mbuzi. Hiyo ndiyo siku ya kufunguliwa kinywa. Kabla ya hapo neno lake linapitia kwa mume, au kwa shangazi wa mume. Likiwa la haraka sana, analiambia kuku au mbuzi kwa sauti, mzee akiwa karibu, na mzee akikubali kulisikia analifanyia kazi bila kumtazama.

Nilipoelezwa nilicheka. Mume wangu naye alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, meno yake ya mbele yameachana, na mama yake alikuwa amekufa zamani, kwa hiyo yeye na baba yake walikuwa wameleana kama ndugu wawili.

"Vumilia tu," aliniambia. "Papa iko na mbuzi mbili. Mwezi kesho utapiga kelele mpaka tuchoke."

Mwezi huo haukufika. Kapita, mnyapara wa Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, alipita nyumba kwa nyumba akikusanya mbuzi wa kulisha askari waliokuwa wakienda kumpigania yule jirani mdogo. Wetu walikwenda wote wawili. Mwaka uliofuata baba mkwe alipata mwingine, naye akachukuliwa. Ndiyo maana hata mwaka wa tatu katika nyumba ile ulinikuta sijamwambia mzee yule hata "umeamkaje", na mtu akiniuliza vita vya Wazungu vilinifikiaje kule mlimani, ninaanzia hapo, kwa mbuzi.

Watu hupenda kusema, wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Msemo huo unanichosha. Nyasi ziko chini ya miguu ya tembo, zinawaona. Sisi tulikuwa mwendo wa majuma na majuma ya meli kutoka kwa tembo hao, na bado tukakanyagwa.

Kisha vita vikaenda mbali zaidi, huko Asia, ambako Wazungu walikuwa wakichukua mpira wa magari yao. Huko nako kukachukuliwa na adui. Magari ya vita hayatembei bila mpira, basi Leta ikakumbuka misitu yetu. Kila mwanamume akaambiwa alete mpira, apimiwe kwenye mizani, na asiyefikisha ataona. Hakuna aliyeuliza kama mlimani kwetu kamba ya mpira, ule mmea utambaao wenye utomvu, inaota. Haioti. Baridi inaiua. Watu wa milima yetu, huko Masisi, walikuwa hawajawahi hata kuiona. Walionyeshwa donge moja jeusi kituoni, likapitishwa mkono kwa mkono, basi.

Mume wangu na wenzake waliteremshwa msituni upande wa Walikale, kapita nyuma yao, wasiruhusiwe kupita kwa kaka zangu Pinga. Alizunguka msituni majuma sita akikata kamba asizozijua, akarudi amekonda, donge lake dogo kama kiazi. Wakamfunga. Baba mkwe alipokwenda kuuliza, aliambiwa: lete kikapu kimoja cha mpira siku ya mizani, siku kumi na mbili kutoka leo, mtoto wako atatoka boloko. Usipoleta, anapelekwa kwenye machimbo ya mawe kule msituni. Wote tulijua machimbo hayo. Watu walikuwa wakienda, habari zao zinarudi, wao hawarudi.

Asubuhi ya pili nilikuwa nachambua maharagwe uani nilipomwona mzee akinoa kisu. Alikwenda kwenye ile miti mikubwa iliyozunguka kaburi la baba yake, miti ambayo wazee walikuwa wakipiga magome yake kuwa nguo. Hakuna aliyewahi kuigusa kwa kisu tangu mazishi. Alivua kofia, akaomba kimya, kisha akaanza kuichanja, mti kwa mti. Maziwa meupe yakatiririka. Aliweka vipande vya kibuyu chini ya kila jeraha.

Nikaelewa papo hapo anafanya nini, na nikaelewa kwamba ni bure.

Kwetu Pinga mtoto wa miaka mitano anajua. Maziwa ya mti ule ni ulimbo, tulikuwa tukipaka matawini kutegea ndege. Mpira unatoka kwenye kamba ya porini, na dawa ya kuugandisha kaka zangu waliijua kama wanavyojua njia ya mtoni. Ukiuvuta mpira unarudi. Ulimbo ukiuvuta haurudi, na jua likiupiga unayeyuka. Siku kumi na moja zilikuwa zimebaki. Kutoka kwetu mlimani hadi kwa kaka zangu ni mwendo wa siku tatu. Kwenda tatu, kurudi tatu, na siku tano za kukata. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Ilitosha.

Nilimkimbilia shangazi wa mume wangu, aliyekaa ua wa chini. Nilimweleza yote huku nahema. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Weye bibi arusi wa mupori, unataka kufundisha benye mulima miti yao? Miti ya kaburi ya baba yangu? Ngoja kwanza bakufungue kinywa."

"Basi, Mama shangazi, uniruhusu niende kwetu. Nitarudi na mupira."

"Ukienda kwenu wakati bwana yako iko boloko, batu batasema umemukimbia. Usirudi tena hapa."

Ningeweza kwenda bila ruhusa. Nimejiambia hivyo kila siku ya maisha yangu. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, na niliogopa kuitwa mke aliyekimbia kuliko nilivyoogopa machimbo. Nayaandika haya nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu mimi kwangu mimi.

Ikabaki njia moja. Jioni ile mzee alikuwa ameketi karibu na jiko la nje, akikoroga maziwa ya miti kwenye chungu ili yashikane. Nilichukua jike moja la kuku, nikamweka mbele ya mlango, nikamgeuzia mzee mgongo, nikasema kwa sauti ambayo hata ua wa chini ungesikia:

"Weye kuku, sikia! Ile maziwa ya muti haiko mupira. Kwetu Pinga batoto banategea nayo ndege. Mupira iko kwa kamba ya mupori, na kaka zangu banaijua. Tuma muntu kwetu, siku tatu tu. Tuma hata miye!"

Kijiko kilisimama ndani ya chungu. Nilisubiri. Kisha mzee alikohoa mara moja, akainuka, akaingia ndani. Baada ya muda alitoka upande wa pili, akaendelea kukoroga. Kuku alikwenda zake kudonoa.

Siku ya mizani alibeba kikapu mwenyewe, nami nikifuata nyuma hatua nyingi na chakula cha mfungwa kichwani. Jua lilikuwa kali. Kabla hatujafika kituoni, nilikuwa nimeshaona utomvu ukichuruzika chini ya kikapu na kumshika mzee mgongoni. Uwanjani watu wa milima mingi walikuwa kwenye mstari, na wafungwa wameketishwa pembeni, kamba shingoni. Mume wangu aliniona. Alitabasamu na lile pengo lake.

Kapita alichukua donge la kwanza, akalivuta. Likarefuka, likabaki limerefuka, likamganda vidoleni. Alijaribu kulikung'uta, likagandia mkono wa pili. Mtu mmoja mstarini akacheka kwa woga.

"Muzee," kapita alisema, "hii njo mupira? Hii iko ulimbo. Unakuja kutega Leta sawa ndege?"

Mzungu wa mizani alitafsiriwa maneno hayo. Hakukasirika hata. Alifanya tu ishara ya mkono, akarudi kwenye kitabu chake. Walimlaza baba mkwe kifudifudi wakampiga fimbo mbele ya mtoto wake, kwa kosa la kuidhihaki Leta. Mzee yule hakuwahi kumdhihaki mtu yeyote. Alikuwa ameichanja miti ya baba yake kwa heshima zote, kofia mkononi.

Walimchukua mume wangu siku ileile. Walipowapitisha karibu yangu aliniambia maneno machache: "Chunga Papa. Usimuache peke yake." Nikasema ndiyo. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake, ndiyo, na halikuwa hata neno nililotaka kusema.

Vita vilipokwisha kengele ya misioni ililia mpaka mchana. Padri alicheka na kulia. Yule jirani mdogo alikuwa amerudishiwa ua wake, ulimwengu mzima ulikuwa umemsaidia. Tuliagizwa kucheza ngoma, tukacheza. Mimi nilicheza nikitazama barabara. Kutoka machimboni walirudi wachache, na mmoja wao aliniambia kwamba mume wangu waliachana naye ng'ambo ya mto, ana homa, ameegemea mti. Hakukumbuka mto gani.

Nilibaki pale mlimani na mzee. Kinywa changu hakikuweza kufunguliwa bila mume wa kushika kamba ya mbuzi, kwa hiyo tuliishi hivyo, miaka inaingia miaka inatoka, ua mmoja, maharagwe ya chungu kimoja, yeye akiwaambia kuku kwamba kuni zimekwisha na mimi nikiwaambia kuku kwamba chakula kiko tayari. Mashangazi walisifu adabu yangu. Ile miti ilikauka mmoja baada ya mwingine, na mvua ikaanza kulichimba kaburi.

Katika miaka ya hamsini nilikuwa nateremka Mushaki kuuza maharagwe kwa watu wa ng'ombe, nao wananiuzia maziwa. Malori yalipita pale kila siku. Mara moja lori liliharibika karibu yangu, nikasogea, nikaweka kiganja kwenye gurudumu. Lilikuwa la moto. Nikalisukuma kwa kidole gumba, na mpira ukarudi mahali pake. Nililia pale barabarani, mtu mzima, mpaka mama mmoja wa wale watu wa ng'ombe akaniketisha na kunipa maziwa.

Mwaka aliokufa mzee, kifua chake kilikuwa kimekwisha. Asubuhi moja aliniita kwa jina la ukoo wangu, mara ya kwanza. Niliingia kinyumenyume kwa mazoea. Alikuwa ameketi kitandani na jembe jipya juu ya magoti. Sijui alilinunua lini.

"Mbuzi hakuna," alisema. "Wa kushika kamba hakuna. Kamata. Kinywa yako iko wazi. Sema."

Nililishika jembe. Kati ya maneno ya miaka kumi na zaidi nilitoa moja tu.

"Papa, ile haikuwa mupira."

Alifumba macho.

"Nilisikia," alisema. "Siku ya kuku. Nilisikia yote, na nilijua unasema kweli. Lakini bwana yako hakukuwa, na mbuzi hakukuwa. Niliona haya, batu baseme ninaongozwa na mwali ambaye sijamufungua kinywa."

Nilimpa maji, nikamfunika. Siku ya tatu alikufa. Wanaume wa ukoo walipokuja kumchimbia kaburi kando ya baba yake, mizizi mikavu ya ile miti iliwashinda, wakauliza kama kuna jembe kali nyumbani. Niliwaletea lile jipya.