Mapazia Niliyowatundikia Mafundi Wangu

Kosa ni langu, jamani, wala sitafuti wa kumsingizia. Umri umekwenda, nami nataka niliseme kabla sijaitwa.

Miaka ya themanini nilikuwa na duka la kushona kanzu hapa Malindi. Ufundi nilirithishwa na baba, wote, bila kufichwa kitu. Mimi nikaukata vipande! Bakari, kukata kitambaa tu. Kazungu, mtu wa Ganda, kijiji cha jirani, cherehani tu. Bi Mwanaisha, kutarizi shingo tu. Kati yao nikatundika mapazia, mtu asione kazi ya mwenziwe. Nilihofu: akiijua kanzu nzima, kesho atafungua duka lake aninyang'anye wateja!

Kazungu alinibembeleza. "Mzee, nifunze kukata."

"Wewe kanyaga cherehani, baba. Ya mkasi hayakuhusu."

"Miaka sita nakanyaga, mzee! Ingekuwa baiskeli ningeshafika Makka, na mimi ni Mkristo!"

Nikacheka. Masikini mimi, sikusikia alichokuwa akiniambia!

Ramadhani moja nilipokea vitambaa vya kanzu za watoto wa madrasa, wazivae Idi. Wiki ile ile mafundi wakaniaga. Wote watatu, siku moja! Wamekodi chumba mtaa wa pili. Kumbe niliwagawa vizuri mno: hakuna aliyeweza kuondoka peke yake, basi wakaondoka pamoja!

Nikasema si kitu, fundi ni mimi. Lahaula! Miaka yote nilikuwa nikizunguka na kuamrisha, mikono imesahau. Kanzu ya kwanza, mkono mmoja niliushona ndani nje. Ya pili haikupita kichwa cha mtoto. Mwalimu wa madrasa akaigeuzageuza.

"Sheikh, hii ni kanzu au kifumbu cha kuchujia tui?"

Nikabeba vitambaa vilivyosalia hadi kwao. Nikatoa salamu, nikaviweka mbele yao.

"Keti, mzee," akasema Bi Mwanaisha. "Zitakuwa tayari. Lakini na wewe utashona."

Akanifunza shingo upya, siku tatu, bila kuchoka. Na aliyeshika mkasi ni nani? Kazungu! Bakari alikuwa ameshamfunza.

Watoto walivaa, alhamdulillahi. Wateja wangu lakini hawakurudi, wakabaki kwao, na ilikuwa haki.

Nyinyi mlioajiri watu, nawausia: mfunzeni mtu kazi nzima. Wa kuondoka ataondoka tu. Afadhali aondoke akikuombea dua. Mimi niliwanyima watatu ufundi wa baba yangu, wakanirudishia wao. Hadi leo, nikikutana nao, mimi ndiye ninayetangulia kuwaamkia.