Ujumbe wa Sele Uliokwama Kwenye Foleni

Chama cha kuzikana cha mtaa mmoja wa Ngamiani kina sharti lake: waliofiwa wasishike simu. Kuita watu ni kazi ya katibu, Bi Chiku. Badru Shehe, fundi kompyuta wa mtaa huo, alimtengenezea ukurasa wa kutangazia misiba kwa wanachama mia mbili na kumi na wawili.

Mwanzoni ukurasa ulipokea tangazo na kulituma wenyewe. Mtandao ukisuasua, uliganda. Bi Chiku akibonyeza tena, msiba mmoja ulitangazwa mara tatu.

"Marehemu kafa mara tatu," vijana wa barazani walisema. "Hitma tule ngapi?"

Badru akazitenganisha kazi hizo. Ukurasa sasa ungepokea tu na kuziweka jumbe kwenye foleni. Programu nyingine ingechukua ujumbe wa mbele, iutume, ndipo ichukue unaofuata. Ukishindikana, urudi mbele ujaribiwe tena.

"Ni kama mashine ya kusaga, Bi Chiku," alieleza. "Unaacha debe lako kwenye mstari, unakwenda zako. Halipotei."

Ukurasa haukuganda tena. Ulijibu papo hapo: Imepokelewa.

Jambo moja hakulifikiria. Mtaani kwake, mzee asiye na simu hupatikana kwa jirani. Bi Chiku alipomwandikisha Bi Asmahani, penye nafasi ya namba aliandika maneno ambayo kila mtu Ngamiani angeyaelewa: "Kwa Ruthi mshonaji." Ukurasa ukayakubali.

Alhamisi moja ya Juni, alfajiri, alifariki Khadija, mjane mwenye mtoto mmoja, Najat, ambaye hajaolewa. Mwanamke hushushwa kaburini na maharimu wake, wanaume wa damu yake wasioweza kumwoa, na Khadija alikuwa amebakiwa na mmoja tu: mdogo wake Sele, mkulima wa Moa, kijiji cha mbali, ambaye naye alikuwa mwanachama. Mara nyingi alimwambia Najat kwamba anataka ashushwe na Sele, si mtu mwingine.

Bi Chiku aliandika tangazo saa mbili asubuhi. Majina yalipangwa kwa alfabeti, na Asmahani alikuwa karibu na mwanzo. Programu ilijaribu kutuma kwa "Kwa Ruthi mshonaji", ikashindwa, ikaurudisha ujumbe mbele, ikajaribu tena. Ilifanya hivyo mchana kutwa. Nyuma yake zilisimama jumbe karibu mia mbili. Watu wa Ngamiani hawakugundua kitu, kwa kuwa walikuwa wamesikia kwenye kipaza sauti cha msikiti.

"Mjomba amepata?" Najat aliuliza adhuhuri.

"Imepokelewa, mwanangu. Tazama, imeandika yenyewe."

"Mbona hajafika?"

"Moa si hapa. Yuko njiani."

Walisubiri hata baada ya alasiri. Imamu akasema mazishi hayawezi kucheleweshwa zaidi. Khadija akashushwa na wanaume watatu wa mtaani.

Ijumaa asubuhi Badru alirudi kutoka Ushongo, alikokuwa akifunga kompyuta za nyumba ya wageni, akakuta foleni imesimama. Aliuondoa ujumbe wa Bi Asmahani. Zilizobaki zikatoka kwa dakika nne.

Sele aliusoma wake saa nne: "Khadija amefariki. Mazishi ni leo baada ya alasiri." Akakodi bodaboda. Alifika Ngamiani saa nane mchana, kanzu imejaa vumbi.

"Nimewahi," alimwambia Najat. "Mmeshamwosha?"



Siku hizi ujumbe ukishindikana mara tano huwekwa kando na katibu huonyeshwa, na penye nafasi ya namba hapaingii maneno. Foleni haijasimama tena. Mwezi uliofuata msiba, Badru alikwenda Moa kumweleza Sele yote yaliyotokea.

"Shikamoo, mzee Sele."

"Marahaba."

Sele alisikiliza yote bila kugomba.

"Kwa hiyo ujumbe wangu haukupotea."

"Haukupotea, mzee."

"Ulikuwepo tu."

"Ndiyo."

Sele akamtaka afute namba yake chamani. Badru alimsihi: kosa limekwisha, mara nyingine atapata kwa wakati.

"Mara nyingine ya nani? Niliyekuwa nataka niitiwe ni huyo."

Badru alitoa simu mfukoni, akaifuta namba mbele yake, kisha akamwonyesha orodha ili ahakikishe. Sele hakuwa na miwani. Alimwambia amsomee.