Nyumba ya Kuku Niliyomjengea Kenge

Vuta kigoda usogee karibu, wewe uliyeniuliza namna ya kumjengea kenge nyumba, maana jibu langu si fupi. Wengi wakisikia swali hilo hucheka. Mimi sicheki. Nilimjengea kenge mmoja mjini Kitale nyumba tatu, na mbili za kwanza nilizijenga kwa ustadi mkubwa sana, ndiyo maana hazikufaa kitu.

Miaka ya themanini nilikuwa fundi wa mabanda ya kuku. Kwetu ni upande wa Sirisia, useremala nilijifunza Bungoma mjini, kisha nikahamia Kitale kwa sababu huko kulikuwa na mahindi mengi, na penye mahindi mengi watu hufuga kuku. Banda langu lilikuwa na sifa moja iliyonipa wateja kutoka Saboti hadi Webuye: kenge hakuingia. Utotoni nilimwona mama yangu akiokota maganda ya mayai yaliyoliwa na kenge, asubuhi baada ya asubuhi, na nadhani useremala wangu wote niliuwekea kisasi hicho.

Namna yenyewe ni rahisi, nitakueleza polepole. Waya unapigwa upande wa nje wa nguzo, ili kenge akisukuma aukandamize kwenye nguzo, badala ya kuung'oa. Chini unachimba mtaro, unafukia waya uliokunjwa kuelekea nje, ili akichimba kutoka nje agonge waya. Mlango unafungukia nje, ili akiusukuma aufunge zaidi. Mambo matatu tu. Nilikuwa nayafanya bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kamba za viatu.

Basi siku moja akaniita Kalasinga mmoja mzee aliyekuwa na duka la vipuri vya matrekta. Mke wake alikuwa amefariki, na watoto walikuwa Uingereza. Nyuma ya duka, ndani ya kreti lililoletwa na injini, alikuwa na kenge. Mteja mmoja alimwokota akiwa mdogo kama kijiti, trekta ilipofukua ukingo wa mto Nzoia, akamwacha pale kaunta kama mzaha. Mzee akamlisha mayai. Sasa kenge alikuwa mrefu kuliko kaunta na kreti lilikuwa limempasukia.

"Watoto wanasema nikuje kwao," mzee aliniambia. "Nikienda, huyu naachia nani? Hata visa hawezi pata."

Nilidhani anatania. Baadaye nilijua kwamba tiketi ilikuwa imekwisha kutumwa, iko kwenye droo pamoja na risiti za plagi, na kwamba kenge ndiye aliyekuwa sababu yake ya kutokwenda. Mtu akikosa sababu nyingine hushika aliyo nayo, hata kama ina magamba.

Nilimjengea banda la futi nane kwa sita, nguzo za mkalatusi, mbao za sipresi zilizopigwa randa pande zote mbili. Lilipendeza. Watu walisimama kulitazama. Nilipigilia hata kijiti cha kulalia na visanduku viwili vya kutagia, na kenge mwenyewe alikuwa dume. Hakuna aliyeniuliza. Mzee alinishukuru, mimi nikamwambia aweke nyasi kavu kwenye visanduku.

Siku ya tatu kenge akaegemeza bega kwenye waya, kwenye kona, kutoka ndani. Misumari ya U ikachomoka mmoja mmoja kama vifungo vya shati dogo. Akavuka ua akaenda kwa jirani, mama mmoja mjane, kiongozi wa akina mama kanisani, aliyefuga kuku wa mayai. Banda la mama huyo nililijenga mimi. Kenge alilizunguka mara mbili, akasukuma, akachimba, akashindwa. Nikuambie kweli, niliposikia hivyo nilijisikia vizuri kidogo. Halafu nikaambiwa kwamba kuku mmoja alikuwa nje akiparua, na huyo alichukuliwa.

Kesi ikaenda kwa chifu. Alikaa saa tatu nzima juu ya kuku mmoja aliyekwisha liwa, akatukumbusha habari za amani, upendo na umoja, kisha akatoa hukumu: kenge akionekana tena nje ya ua wa mzee, atauawa kwa rungu hapohapo. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Chifu pia alimtuma afisa wa mifugo aje kukagua. Alikuwa kijana mpole mwenye fomu, na fomu ilikuwa na ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku na mbwa. Alimtazama kenge, akaitazama fomu, akamtazama tena kenge. Nafasi ya "vinginevyo" haikuwapo. Mwishowe akahesabu miguu, akautazama mkia, akaandika mbwa. Kwa hiyo akamwagiza mzee amchanje kenge dhidi ya kichaa cha mbwa na amvishe ukanda wa shingoni. Mzee, aliyeheshimu serikali zote alizopata kuishi chini yake, alikata mkanda wa feni ya trekta akamvisha. Kenge, ambaye shingo na kichwa chake ni kitu kimoja, aliuvua kabla chai haijapoa.

Mimi nikaanza nyumba ya pili, na hapa usinicheke sana, maana nimeona watu wenye ofisi kubwa wakifanya hivihivi. Kitu kikikataa, tunakiongeza. Niliongeza nguzo, nikapiga waya mara mbili, nje kama kawaida. Nikazungusha na seng'enge, miiba ikitazama nje. Mtaro nikauchimba hadi magotini, waya ukakunjwa kuelekea nje. Mlangoni nikatia kufuli, kana kwamba kenge angekuja na ufunguo. Lilikuwa banda ambalo kenge yeyote wa wilaya nzima ya Trans-Nzoia asingeweza kuliingia. Visanduku vya kutagia niliviacha.

Wiki mbili zikapita. Nikaanza kujisifu kwenye kibanda cha chai. Halafu asubuhi moja ya Julai, ukungu wa mlimani ukiwa bado umelala juu ya mji, yule mama jirani akanijia nyumbani akiwa amejifunga leso mbili kwa baridi.

"Fundi, kuja uone mtu wako."

"Ako wapi?"

"Ako juu ya mabati yangu. Anangoja jua kama mtalii."

Tulikwenda mbio. Kenge alikuwa amechimba ndani kwenye kona, akapita chini ya waya wangu wote uliokuwa ukitazama upande mwingine, na jioni alipanda juu ya paa la banda la kuku kwa sababu mabati yalikuwa bado na joto. Usiku baridi ya Kitale ikamkamata hapohapo. Alikuwa amelala juu ya kuku kumi na nane, amekakamaa kama kuni, macho wazi. Mzee alikuwa amesimama chini, mikono imeinuliwa nusu, kama mtu anayetaka kudaka mtoto.

Nilimuuliza mama kama amekwisha mwita chifu.

"Chifu akuje na watu na rungu wavunje mabati yangu?" alisema. "Panda umtoe, na haraka, jua likitoka ataamka na njaa."

Nikapanda. Upande wa mashariki ukungu ulikuwa umeanza kuwa mweupe. Nikamvika gunia kutoka kichwani, nikamkumbatia, nikashuka ngazi kisigino kwa kisigino, na mkia wake ukining'inia mgongoni. Tulipofika ua wa mzee jua liligonga ukuta wa duka, na ndani ya gunia nikahisi ubavu mmoja ukianza kusogea. Mzee alimpokea akamwingiza kwenye chumba cha vipuri, akafunga mlango kwa mgongo wake.

Mama alikuwa anatazama banda langu la pili. Alilizunguka lote, akashika seng'enge kwa kidole kimoja.

"Nyumba ya kuku wangu ulijenga ukifikiria kenge," alisema. "Ya kenge ukajenga ukifikiria kuku. Si ungefikiria mwenye nyumba, bana?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kisha akaenda kulisha kuku wake, akaniacha nimesimama na miaka yangu yote ya ufundi.

Nikaingia ndani ya banda, nikafunga mlango, nikakaa chini. Sikuwa nimewahi kukaa ndani ya kazi yangu. Nikasukuma waya kwa bega, nao ukaachana na nguzo. Nikausukuma mlango, ukafunguka vizuri; cha kuuzuia kilikuwa kufuli tu, nalo lilining'inia kwenye msumari mmoja. Nikakaa mpaka baridi ya udongo ikanipanda kiunoni, nikaelewa kwa nini alifuata mabati.

Nyumba ya tatu ilikuwa futi kumi na sita kwa kumi. Waya mzito wa mraba, ule wa madirishani, tuliupata kwa muuza vyuma vikuukuu Bungoma, na nikaupiga ndani ya nguzo. Chini nikaulaza ukielekea ndani, nikamwaga udongo futi mbili juu yake ili achimbe anavyotaka bila kufika popote. Mlango ukafungukia ndani. Nusu pipa nikalifukia likawa bwawa lake. Upande mmoja niliezeka, na juu ya jiwe bapa nikaning'iniza balbu, yeye asiifikie. Visanduku nikaving'oa.

Mtaa ulisema sana kuhusu ile balbu. Watoto wengi pale walisomea taa ya koroboi, na kenge ana umeme. Yule mama yeye alikuja na kasha la vifaranga, akaliweka nje ya ukuta, akamwomba mzee avute waya wa balbu ya pili iwapashe joto. Mzee akavuta. Kila Jumapili baada ya ibada mama alikuwa akileta mayai yaliyopasuka, akiyapitisha kwenye tundu la kulishia bila kumtazama aliyelishwa.

Kenge hakutoka tena. Afisa wa mifugo alirudi mara moja kuulizia cheti cha chanjo ya mbwa, akaambiwa mbwa amelala. Miaka ya tisini ilipoingia mzee alikuwa bado yupo, na tiketi ilikuwa bado kwenye droo, imepauka hata jina lake halisomeki vizuri.

Kwa hiyo kabla hujapiga msumari wowote, simamisha nguzo zako, ingia katikati yake, ukae chini kwenye udongo. Sukuma kila upande kwa bega. Waya upige upande ulipo wewe.