Mkono Mpya wa Waipa

Kijiweni walimwita Mwewe, na jina hilo hakuliokota. Enzi zake, abiria alikuwa bado anawaza kuinua mkono, teksi ya Mwewe imeshasimama mbele yake. Kwa teksi hiyo alijenga nyumba na kusomesha watoto. Humo humo alimfundisha mkewe kuendesha, huku akimtania kwamba anashika usukani kana kwamba anamkaba mwizi.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, akaanza kulalamikia waipa. Haifuti, imelegea, inaacha ukungu. Akabadilisha mpira wake, ukungu ukabaki. Mkewe alimwambia kwa upole, "Baba watoto, twende wakakupime macho," naye akanuna mpaka chakula kikapoa. Macho ya Mwewe yapimwe na nani? Asingekuwa na macho, angekuwa na kazi gani? Siku moja, kwa hasira, akaushika mkono wa waipa na kuukunja ili uubane mpira kwenye kioo. Chuma kikapinda vibaya. Mtu mzima, ovyo kabisa.

"Nani kakuharibia hivi, mzee?" fundi wa gereji aliuliza, Mwewe na mkewe walipompelekea gari.

"Watoto wa mtaani," alijibu Mwewe. Mkewe akatazama pembeni.

Fundi akabandika utepe mweupe kwenye kioo, mahali mpira ulipolala, ili mkono mpya ukae pale pale. Akabandua kifuniko, akafungua nati, akautikisa mkono wa zamani huku na huku mpaka ukaachia meno yaliyoushikilia. Akapachika mpya na kukaza. Mwewe alikuwa ameshakaa kwenye usukani, roho juu. Pengine mkewe alikosea. Pengine tatizo lilikuwa chuma tu.

Fundi akamwaga maji kwenye kioo. "Washa, mzee."

Waipa ikapita, ikarudi.

"Safi kabisa," alisema mkewe, aliyeketi kando yake.

"Haya, zima. Mzee, hebu niangalizie kwa ndani, mpira umelala juu ya utepe?"

Mwewe akatazama. Akauinamia usukani, akatazama tena. Ukungu ulikuwa pale pale, umetulia, na ndani yake hapakuwa na utepe wala sura ya fundi, ila kivuli kinachosubiri jibu.

"Umelala sawa," mkewe alimjibia haraka, kumsitiri.

Huruma ile ndiyo iliyommaliza. Akauachia usukani, akateremka, akalizunguka gari kwa kupapasa boneti, akafungua mlango wa abiria. Tangu amfundishe mkewe kuendesha, hakuwahi tena kukalia kiti hicho. Mkewe alihamia kwenye usukani, machozi yakimtoka.

"Nipeleke nyumbani, mama watoto," Mwewe alisema, akiutafuta mkanda kwa vidole. "Ila huyo mwizi usimkabe sana."

Alitaka uwe mzaha, lakini sauti ilimkatikia njiani.